Mti Usiopandwa na Mtu ni wa Nani?

Mwishoni mwa mwaka 2022 Wakenya wengi waliona picha ambazo hawakuzitarajia: mibuyu ya Kilifi imeng'olewa, mizizi nje, ikisubiri kusafirishwa hadi Georgia, nchi iliyo kando ya Bahari Nyeusi, ikapandwe kwenye bustani ya miti. Novemba mwaka huo Rais William Ruto aliagiza uchunguzi ufanywe ili ijulikane kama kibali kilitolewa kwa kufuata sheria na Itifaki ya Nagoya, ule mkataba wa kimataifa unaohusu kugawana manufaa ya mali asili. Kulingana na habari zilizochapishwa wakati ule, wenye mashamba walikuwa wamelipwa kati ya shilingi 100,000 na 300,000 kwa mti mmoja.

Watu waligawanyika haraka. Upande mmoja ulisema huu ni urithi wetu, mti wa mababu, sasa mtu anauzaje urithi? Upande wa pili ukajibu kwa swali fupi: mti uko kwa shamba la nani? Kama uko kwa shamba lake, wewe yako ni gani? Kelele zilipoa, kama zinavyopoa kelele zote za mitandaoni, lakini swali lenyewe halikujibiwa. Mambo ya kibali na itifaki nawaachia mawakili. Lililonibakia mimi ni swali la kimaadili. Mti wa matunda ambao hakuna mtu anayejulikana kuupanda, unaozaa tangu kabla ya babu wa babu yako kuzaliwa, ni wa nani? Na huyo mwenyewe, akishajulikana, anaruhusiwa kuufanya nini?

Tuanze na muuzaji, maana mara nyingi yeye hulaumiwa kabla hajasikizwa. Mwaka 2022 haukuwa mwaka wa kawaida. Mvua zilikuwa zimekataa msimu baada ya msimu tangu mwishoni mwa 2020, na Kilifi ilikuwa mojawapo ya kaunti zilizopigwa na ukame huo. Mbuyu mmoja mzee hukalia nafasi kubwa ya shamba, na mahindi hayapendi kukaa chini yake. Mabuyu yake huuzwa kwa gunia, kwa bei anayoitaja mchuuzi. Karo ya shule haingojei msimu. Mtu wa namna hiyo akija kuambiwa kwamba kile kitu kinachomzibia shamba kina thamani ya laki mbili taslimu, na anayemkataza ni mtu wa Nairobi anayetafuna mabuyu mekundu ya sukari kutoka kwenye pakiti, ana haki ya kuuliza: huu urithi mnaousifu, gharama yake naibeba peke yangu kwa sababu gani?

Swali hilo ni zito na sitalikwepa. Lakini kabla ya kulijibu inabidi tujue kwanza aliuza nini.

Mwanafalsafa Mwingereza John Locke, katika kitabu chake kuhusu serikali kilichotoka mwishoni mwa karne ya 17, alieleza asili ya umiliki kwa mfano wa matunda hasa. Mungu, alisema, aliwapa binadamu dunia kwa pamoja. Lakini anayeokota matunda chini ya mti wa porini huyafanya yake kwa kazi ya kuokota, mradi awaachie wengine ya kutosha na mazuri vilevile. Kuhusu ardhi, alisema anayelima na kupanda ndiye anayepata haki. Ukimsikiliza Locke haraka haraka, muuzaji wa Kilifi hana kesi. Shamba ni lake, jasho ni lake. Ukimsikiliza polepole, kuna pengo. Kazi ya kuokota buyu humpa mtu buyu. Je, humpa mbuyu? Na kama haki hutokana na kulima na kupanda, tuseme nini juu ya mti uliokuwa ukizaa kabla hajafika mwenye jembe?

Jibu rahisi ni kwamba mti wa porini ni zawadi tu, haukumgharimu mtu, kwa hiyo wa kwanza kuufikia auchukue. Nafikiri jibu hili limekosea kuhusu namna matunda ya nchi kavu yanavyopatikana, na kosa hilo ni la zamani.

Tazama mbuyu unavyoanza. Mbegu yake ina ganda gumu sana. Huota vizuri zaidi ikishapitia tumboni mwa tembo au nyani, au ikipata moto. Watu nao hutapanya mbegu: wanafyonza ubuyu na kutema kokwa kando ya njia na nyuma ya nyumba. Mche unaochipuka hauna sura ya mbuyu. Majani ya mbuyu mzima yamegawanyika kama vidole vya mkono, lakini mche mchanga una jani moja moja la kawaida, usilolitofautisha na la magugu. Wazee wa Kiswahili walisema mbuyu ulianza kama mchicha, na sisi tumeigeuza methali hiyo kuwa nasaha ya subira kwa watu wanaoanzisha biashara. Lakini hebu isome kama mkulima. Ukipalilia bila kujua, mbuyu wa miaka 1,000 unaondoka na jembe asubuhi moja, na hutajua kamwe umefanya nini.

Kwa hiyo mbuyu ulio katikati ya shamba la mtu hauko pale kwa bahati tu. Kuna mtu aliyeutambua ukiwa mdogo akaupitisha jembe pembeni. Kuna mtoto aliyeambiwa asiache mbuzi waufikie. Miaka 15, 20 au zaidi ikapita kabla haujatoa tunda la kwanza, na kwa kila mwaka kati ya hiyo kulikuwa na mtu ambaye angeweza kuukata, naye akauacha. Vivyo hivyo mkwaju unaouona umesimama peke yake kwenye mashamba ya mawele na kunde huko Kitui na Tharaka: msitu wote ulifyekwa, ule mmoja ukaachwa, na mtu aliyeuacha alikuwa na sababu. Katika nchi ambako mvua haina ahadi, kumwagilia mche kila siku ni anasa ya wenye mto. Huku kilimo cha matunda kimekuwa zaidi kazi ya kuchagua cha kutokata. Kuacha nako ni kazi, ila haitoki jasho, ndiyo maana Locke hakuiona.

Kuna kazi nyingine isiyoonekana, nayo ni ujuzi. Ukwaju unajulikana kwa kila mtu: uutie kwenye uji uwe mchachu. Kunazi unaila mbichi au unaianika ikae. Makoma ya Turkana, ambayo wenyewe wanayaita eng'ol, yana nyama ngumu inayopondwa. Lakini kuna tunda kama edung, ambalo Waturkana hulila hasa wakati wa njaa, na ambalo huwezi kulitia mdomoni lilivyo. Linachemshwa, maji yanamwagwa, linachemshwa tena kwa maji mengine, na tena, mpaka uchungu utoke. Fikiria ilichukua nini kujua hivyo. Kuna watu walionja wakaumwa. Kuna mwanamke aliyejaribu maji ya tatu baada ya maji ya pili kushindwa. Mti uliota wenyewe, sawa. Chakula hakikuota chenyewe. Anayeling'oa tunda hilo kwenye jamii anakuta mti mwingine kabisa kuliko angeukuta mgeni wa kwanza duniani.

Kama haya ni kweli, swali la nani alipanda limeshapoteza nguvu. Mti wa nchi kavu una watunzaji wengi waliofuatana, na wengi wao wamekufa. Mwenye shamba wa leo ni wa mwisho kwenye foleni. Kazi yake ni ya kweli, ila ni sehemu tu ya kazi.

Sasa mtu atauliza, kwa haki: mbona mambo ya wafu na wasiozaliwa hayalishi mtu? Tunahitaji kujua nani aokote leo. Ni kweli, na jamii za nchi kavu zilijua hivyo kabla yetu. Kando ya mito ya Turkwel na Kerio, Waturkana wana utaratibu unaoitwa ekwar. Ekwar ni eneo la miti kando ya mto ambalo familia fulani inatambuliwa kuwa na haki nalo, na haki hiyo hurithiwa. Mti wake mkuu ni ewoi, yaani mgunga, ambao maganda yake huangushwa wakati wa kiangazi yakawa chakula cha mbuzi pale nyasi zinapokuwa zimeisha. Humo humo kuna miti ya matunda ya watu. Familia haiimiliki miti jinsi mtu anavyomiliki pikipiki. Ina haki ya kutumia: maganda, matunda, kivuli, kuni kavu. Wengine huomba ruhusa, na mwaka wa shida ni vigumu kuwanyima. Ukiitelekeza ekwar yako miaka mingi, haki yako hufifia. Haki hapa inalindwa na matunzo, na matunzo yakikoma, nayo inakoma.

Mtu wa Kilifi asidhani haya ni mambo ya mbali. Kwao kwenyewe, mti na ardhi viliweza kuwa na wenyewe wawili. Mwanaanthropolojia David Parkin, aliyeandika mwaka 1972 kuhusu Wagiriama wa eneo la Kaloleni, alieleza jinsi minazi ilivyonunuliwa na kuwekwa rehani mbali na ardhi iliyosimama juu yake, na jinsi ushahidi wa wazee ulivyokuwa ndio hati. Ungeweza kula nazi za mnazi ulio kwenye ardhi ya mwingine, na kila mtu akajua. Kwa fikra hiyo, swali "mti uko kwa shamba la nani?" lingekuwa mwanzo tu wa mazungumzo.

Lilipataje kuwa mwisho? Kwa sheria. Serikali ya kikoloni ilipotunga Sheria ya Ardhi ya Ufalme mwaka 1902, na tena mwaka 1915, ilitazama nchi kwa jicho la Locke: palipolimwa na kukaliwa kwa namna ilivyoizoea pana mtu, kwingine ni pori. Mpango wa Swynnerton wa 1954 ukaleta wazo la hatimiliki ya mtu mmoja mmoja, na Kenya huru ikaliendeleza. Hatimiliki ina faida zake, sitajifanya siioni. Imewapa watu mkopo na usingizi. Lakini karatasi ile ina nafasi ya jina moja na ramani ya mipaka. Haina mstari wa kuandika nani huokota, nani huomba, nani atakuja. Miti yote iliyokuwa na haki za watu wengi ikamezwa na ardhi, na ardhi ikamezwa na jina. Kwa hiyo yule mkulima wa Kilifi hakubuni wazo kwamba mbuyu ni wake peke yake. Serikali ilimfundisha, ikampigia muhuri, kisha siku alipolitumia somo hilo ikamshangaa.

Mfano mwingine unaonyesha kuwa hata kupanda si kipimo cha kutosha. Katika miaka ya 1970 na 1980 mti wa mathenge uliletwa kwenye nchi kavu za Kenya, Baringo na Turkana zikiwemo, kwa nia njema: uzuie mmomonyoko, utoe kuni, maganda yake matamu yalishe mifugo. Mathenge ulistawi kuliko ulivyotakiwa. Ukafunga njia, ukameza malisho, na sukari ya maganda yake ikaoza meno ya mbuzi. Mwaka 2006 Wailchamus wa Baringo walipoishtaki serikali, mbuzi asiye na meno aliletwa mahakamani Nairobi kama kielelezo. Watu walicheka, lakini tazama uzito wa jambo lenyewe. Huu ulikuwa mti uliopandwa, na waliouleta wanajulikana. Siku ya kulipa, ilibidi watu waende mahakamani ili mtu akubali kuwa ni wake. Tunadai miti inapozaa pesa, tunaikana inapozaa hasara. Kwa maoni yangu umiliki wa mti ungepimwa vizuri zaidi kwa swali hili: ukileta madhara, au ukihitaji kulindwa, nani atasimama?

Nisieleweke kana kwamba nadharau miti ya kupandwa. Nenda Makueni uone miembe ilivyobadilisha maisha ya watu. Mwembe wa kupandikiza, ule ambao kikonyo cha aina bora huunganishwa kwenye shina la kienyeji, huanza kuzaa baada ya miaka mitatu hivi. Kaunti ilijenga kiwanda cha kusindika maembe pale Kalamba. Mwembe wa namna hiyo unaingia ndani ya umri wa mtu: unaupanda, unaula, unalipia mtoto chuo, na ukiukata kupanda aina nyingine hakuna aliyedhulumiwa. Hapo jina moja kwenye hati linatosha. Tatizo ni kuchukua kanuni iliyofaa mwembe wa miaka mitatu na kuivisha mbuyu wa karne kumi. Kitu kinachozidi umri wa mwenyewe hakiwezi kuwa chake kwa namna ile ile.

Narudi sasa kwa swali la muuzaji, nijibu bila kuzunguka. Naamini kung'oa mbuyu uliokomaa unaozaa na kuutoa katika jamii ni kosa, hata ukiwa na hati. Mwenye shamba ana haki ya kwanza ya matunda, majani na kivuli, na haki ya kuamua nani aokote. Hana haki ya kuumaliza, kwa sababu kuumaliza ni kutumia fungu ambalo hakupewa. Ni kama mlinzi wa zamu ya mchana kuuza lango kabla mlinzi wa usiku hajafika.

Lakini kosa na lawama si kitu kimoja. Mtu anaweza kufanya jambo lisilofaa na bado lawama kubwa isiwe yake. Aliyeuza mbuyu katika msimu wa ukame kwa sababu watoto hawana chakula amefanya ambalo wengi wetu tungelifanya. Lawama inapanda juu: kwa mnunuzi aliyejua thamani na akatoa bei ile, kwa ofisi inayotoa vibali, na kwa sisi tunaoita kitu "urithi wetu" bila kutoa hata senti moja ya kukitunza. Ukisema mbuyu ni wetu sote, umekubali pia kwamba nafasi unayochukua shambani mwa maskini ni kodi anayotulipia sote. Urithi unaogharamiwa na mmoja na kujivuniwa na wote ni dhuluma yenye jina zuri.

Basi tulipe. Simaanishi sherehe za kitamaduni. Namaanisha bei ya buyu. Umoja wa Ulaya uliruhusu unga wa ubuyu kuuzwa kwenye masoko yake mwaka 2008, na tangu hapo unapakiwa kwenye mitungi midogo na kusifiwa kama chakula cha afya. Itifaki ile ile iliyotajwa katika sakata la Kilifi inataka manufaa yagawanywe kwa haki. Haikuandikwa kwa ajili ya siku mti unapong'olewa tu. Ikiwa mbuyu uliosimama unamletea mwenyewe pesa ya maana kila mwaka, na pesa hiyo anaiona kabla ya mchuuzi na msafirishaji, hatahitaji hotuba yetu. Na serikali za kaunti zinaweza kuwalipa wenye mashamba kwa kutunza miti mikongwe, kama zinavyolipia mambo mengine ya umma. Makaya ya Wamijikenda yaliwekwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka huo huo wa 2008. Mbuyu ulio nje ya kaya, kwenye shamba la mtu wa kawaida, hauna orodha.

Kuna sababu ya kuharakisha. Mwaka 2018 watafiti walichapisha matokeo kwamba kati ya mibuyu 13 mikongwe zaidi Afrika, 9 ilikuwa imekufa, au sehemu zake kongwe zaidi zimekufa, katika muda wa miaka kumi na kidogo. Walishuku mabadiliko ya tabianchi. Kwa hiyo hata tukizuia kila lori, mibuyu tunayoijua haitadumu milele, na mlolongo wa kuacha ukikatika hakuna itakayochukua nafasi yake. Wasiwasi wangu mkubwa ni huo, kuliko hata lori. Mbuyu mkubwa una watetezi, una picha, una rais. Mbuyu wa jani moja moja uliochipuka juzi kwenye mstari wa mahindi hauna mtu isipokuwa yule anayepalilia, na anayepalilia leo mara nyingi ni kijana ambaye hajaonyeshwa jani hilo lina sura gani.

Ukiniuliza basi mti huu ni wa nani, nitakuambia uanze na huyo kijana. Nenda naye shambani msimu ujao wa mvua, umwonyeshe mche, umwambie autambue na aupitishe jembe pembeni. Matunda yake hamtayala nyinyi wawili. Aliyeuacha ule mwingine, unaozaa sasa, naye hakuyala.